Uso wa Fedha Ulioondolewa Birikani

Birika lenyewe, la shaba, halikuibwa. Kilichoibwa ni uso wa mwanamke, mdogo kama ukucha wa kidole gumba, uliotiwa kwa fedha ubavuni mwake.

Inspekta Nashwan wa polisi ya Mosul aliinama na kioo cha kukuzia. Nyuma yake Dakta Rafida, mtunzaji wa makumbusho, alikuwa akilia bila kujificha. Kwa miaka kumi alikuwa akiandika kitabu juu ya uso ule. Macho membamba ya uso huo, alieleza, yalithibitisha kwamba mafundi wa Mosul wa miaka mia nane iliyopita waliiga wachoraji wa China.

"Nani ana ufunguo wa kabati?"

"Mimi, na Ami Dhanun, fundi wetu. Lakini huyo ndiye aliyenifundisha kazi. Mtoe kabisa kwenye washukiwa."

Nashwan hakumtoa. Mwizi wa mtaani angekwaruza shaba. Huyu aliinua fedha bila kuacha alama. Tena, mifereji mingine ya nakshi iliyopoteza fedha zamani ilikuwa myeusi tii, bali chini ya uso ule shaba ilikuwa imechongwa upya, ikang'aa. Fedha ile haikuwa imekaa pale hata miaka mia. Jalada la ukarabati lilitaja fundi mmoja tu.

Alimkuta mzee Dhanun karakanani, chai yake imepoa. Nashwan alimweleza alichokiona. Dhanun hakubisha, aliomba tu Rafida asiitwe. Rafida alikuwa ameshafika mlangoni.

"Uso wa asili ulikuwa umeng'oka," mzee alisema. "Nilikuwa kijana, nimeoa juzi. Nikatia pale uso wa mke wangu, Gulizar. Macho yale si ya China, binti yangu. Ni ya Tal Afar, kwao, hapa jirani."

"Kwa nini hukuniambia, Ami?"

"Mwanzo niliona haya. Halafu ukawa umeandika kurasa mia tatu. Nikajidanganya kwamba uso ukipotea, utaacha kuutaja."

"Uko wapi?" Nashwan aliuliza.

"Nimeuyeyusha."

Akasimulia yaliyobaki. Nyumba yake iliteketea vitani pamoja na picha zote, na marehemu Gulizar hakuwa amebaki popote ila pale birikani. Nashwan alijuta kutokuja siku moja mapema.

Rafida alitoa kitabu mkobani. Kilikuwa kimetoka kwa mchapaji jana, na alitaka kumzawadia mwalimu wake. Uso wa Gulizar ulijaa jalada zima.

"Itabidi vitabu vyote vichanwe," alisema.

Mzee alijifuta mikono, akakipokea.

"Vichanwe, ndiyo haki. Hiki kimoja niachie."

Picha ile sasa ilikuwa kielelezo, na kielelezo hakiachwi mikononi mwa mtuhumiwa. Nashwan alilijua hilo vizuri, lakini hakunyoosha mkono kukichukua.