Chiriku Aliponyamaza

Kila Jumamosi asubuhi mambo ya nyumbani kwao yalikwenda vilevile. Mama alikunywa chai akiwa amesimama, akajitundika futi ya kupimia shingoni, akaondoka kwenda kwenye duka lake la ushonaji mtaa wa pili. Bibi alikaa kwenye kiti chake, akahesabu vidonge saba vya wiki nzima, akavitia kwenye kikopo chenye mfuniko mwekundu, kisha akameza kimoja kwa maji. Vilikuwa vidonge vyake vya kisukari. Kazi ya Chiriku ilikuwa ndogo tu: kukichukua kikopo hicho na kukiweka juu ya kabati, mahali ambapo mdogo wake asingefika hata akipanda kiti.

Chiriku halikuwa jina alilopewa alipozaliwa. Alilipata kwa sababu ya mdomo wake. Aliongea akila, aliongea akifua, na alipokuwa akipiga mswaki aliongea na povu mdomoni. Mwalimu wa darasa la sita alikuwa amemhamisha dawati mara tatu bila mafanikio, kwa kuwa kila alikohamishiwa alipata rafiki mpya wa kuzungumza naye. Mdogo wake aliitwa Kibonge, na ukimwona tu hukuuliza sababu. Alikuwa ametimiza miaka miwili na miezi kadhaa, na kila alichokiokota kilipitia mdomoni kwanza.

Jumamosi hii akili ya Chiriku haikuwa kwenye kikopo. Ilikuwa kwenye simu ya zamani ya Mama, ambayo haikuwa na laini tena na ilibaki kwa ajili ya mchezo mmoja tu, Milango ya Ukungu. Ndani ya mchezo huo Chiriku alikuwa mpiganaji mwenye upanga wa fedha, anayevuka nchi ya majoka akitafuta taji lililopotea. Kwenye kila mlango alikuta jambo la kuamua. Umfungue mchawi aliyefungwa minyororo, au umpite? Umwambie mfalme ukweli, au umdanganye? Jibu moja lilikupeleka huku na jingine kule, na mwisho wa safari haukuwa mmoja. Wachezaji wengine walivikwa taji, wengine waligeuzwa mawe, na wengine walirudi kijijini kwao wakakuta hakuna hata mtu mmoja.

Chiriku alikuwa na ujanja wake. Kabla ya kila mlango alibonyeza Hifadhi. Akichagua vibaya na kuona joka linamtemea moto, alibonyeza Rudi Nyuma, na mambo yakawa kama hayajatokea.

Jana yake, wakati wa mapumziko, rafiki yake wa shuleni aitwaye Miwani alikuwa amemcheka.

“Huko siyo kucheza,” Miwani alisema. “Mimi nikichagua nimechagua. Wiki iliyopita niligeuzwa jiwe, nikaanza upya.”

“Pole sana, jiwe. Mimi nimeshaona miisho minne na sijafa hata mara moja.”

“Umeichungulia tu. Haya, ukivunja daraja la wanakijiji, wakiuliza nani kalivunja, unawajibu nini?”

“Nanyamaza. Si kuna jibu la kunyamaza? Hakuna anayekugombeza, na safari inaendelea.”

“Endelea nayo basi mpaka mwisho, ndiyo uone.”

“Nikifika nikakuta pabaya si nitarudi nyuma?” Chiriku akajibu, na kengele ikalia.

Sasa alikuwa amekaa kwenye mkeka, simu mkononi, daraja la wanakijiji limevunjika mbele yake.

“Chiriku!” Bibi aliita.

“Abee, Bibi.”

“Natoka kidogo kumjulia hali jirani wa nyumba ya kona, mguu wake umevimba tena. Mwangalie mdogo wako. Na hicho kikopo kiweke mahali pake.”

“Naweka, Bibi.”

“Unaweka au umeshaweka?”

“Naweka sasa hivi, Bibi yangu. Wewe nenda tu.”

Bibi akachukua mkoba wake, akatoka. Lakini “sasa hivi” ya Chiriku ilikuwa ndefu. Alivuka daraja jipya, akapambana na nyoka wa mtoni, akapoteza ngao, akairudisha. Nyuma yake Kibonge alikuwa akigonga gari lake la mbao ukutani, ko, ko, ko. Kisha ule mlio ukakoma, na Chiriku hakugundua ni muda gani umepita tangu ukome.

Alipogeuka, Kibonge hakuwepo ukutani. Alikuwa amekaa chini ya meza, miguu ameinyoosha, na mfuniko mwekundu umelala pajani mwake. Midomo yake ilikuwa na unga mweupe.

“Tema!” Chiriku alirukia chini ya meza. “Tema, Kibonge! Tema hapa!”

Kibonge akafungua mdomo, akatema kidonge kilichoyeyuka upande mmoja, halafu akacheka. Chiriku akamimina vilivyobaki kiganjani. Vilikuwa vitatu. Asubuhi Bibi alitia saba, akameza kimoja, vikabaki sita. Toa vitatu vya kiganjani, toa hiki kilichotemwa. Akahesabu tena, akatafuta chini ya mkeka, chini ya kabati, ndani ya gari la mbao. Viwili havikuonekana popote.

Saa ya ukutani ilionyesha saa nne na robo.

Alipaswa kukimbia kwa Mama hapo hapo, na alilijua hilo. Lakini alimwona Mama akilini mwake akiinua uso kutoka kwenye cherehani, akamwona Bibi akiuliza, Si nilikwambia? Miguu yake ikagoma. Kibonge alikuwa akicheka, akitaka gari lake. Huenda Bibi alikosea kuhesabu. Huenda vidonge vyenyewe havina nguvu, maana vilikuwa vidogo kuliko punje ya mahindi. Chiriku akamfuta mdogo wake mdomo kwa pindo la gauni, akamnywesha maji, akapanda kiti na kukiweka kikopo juu ya kabati. Kisha akanyamaza.

Hakuweza kucheza tena. Aliketi mbele ya Kibonge, akimkodolea macho.

“Kibonge, unaitwa nani?”

“Bonge.”

Baada ya muda akauliza tena, na Kibonge akajibu tena, ila kwa sauti ya chini. Jasho lilianza kumtoka mtoto kwenye paji la uso, ingawa chumba kilikuwa na ubaridi. Chiriku alimshika mikono, akaikuta baridi na inatetemeka. Akamsimamisha ili atembee, Kibonge akapiga hatua mbili, akakaa chini na kulaza kichwa kwenye mkeka.

“Unaitwa nani, mdogo wangu? Niambie, unaitwa nani?”

Safari hii Kibonge hakujibu.

Mlango ukafunguliwa. Bibi alikuwa amerudi, na saa ya ukutani ilikuwa imefika saa tano na dakika ishirini.

“Mbona mtoto amelegea hivi?” Bibi aliuliza.

“Ana usingizi, Bibi,” Chiriku akasema. “Amecheza sana leo.”

“Maskini. Basi mlaze, nikipika nitamwamsha.”

Bibi akaingia jikoni. Chiriku akambeba Kibonge mpaka kitandani. Bibi ndiye mtu pekee nyumbani aliyejua habari za dawa zile, na sasa alikuwa jikoni anakatakata vitunguu, akiamini mjukuu wake amelala tu. Kwa neno moja dogo, Chiriku alikuwa amemwondoa mtu ambaye angeweza kusaidia.

Simu ilikuwa pale pale mkekani, bado inawaka, na kitufe cha Rudi Nyuma kinang’aa pembeni. Chiriku alikitazama, akatamani kukivunja. Kingemrudisha kwenye daraja wakati wowote autakao. Kwenye saa nne na robo kisingemrudisha. Alisikiliza pumzi ya Kibonge, ikaja, ikakawia, ikaja tena.

“Bibi!” Sauti ilimtoka kwa nguvu hata mwenyewe akashtuka. “Bibi, amekula dawa zako! Hana usingizi, nimekudanganya, amekula dawa zako!”

Kisu kilianguka jikoni. Bibi, ambaye siku zote alilalamika kwamba magoti yake hayafai, alifika kitandani kabla Chiriku hajamaliza kusema. Akamgusa mtoto shingoni, akamfinya shavu. Kibonge akafumbua macho kidogo, akalia kwa sauti nyembamba.

“Bado anaweza kumeza. Lete glukosi, iko kwenye mkoba wangu! Mbio!”

Bibi aliujua ugonjwa wake, na alijua sukari ikishuka mwilini mtu huwaje. Alichovya kidole kwenye glukosi iliyolowanishwa, akampaka mtoto ndani ya mashavu kidogo kidogo, huku akimwagiza Chiriku amwite jirani yao seremala mwenye pikapu. Chiriku alikimbia peku. Seremala hakuuliza maswali mengi, alitupa randa chini na kuwasha gari. Njiani Bibi alimpigia Mama simu, na Chiriku akasikia upande wa pili sauti ya Mama ikiuliza, Nini? Nini? mara nyingi mfululizo.

Hospitalini daktari, mwanamke mfupi mwenye mikono myepesi, alimpima Kibonge damu kidoleni na kusoma namba kwenye kipimo. Uso wake ukabadilika.

“Sukari iko chini mno. Mtieni dripu,” aliwaambia wauguzi, kisha akamgeukia Bibi. “Amekula dawa gani?”

Bibi akataja dawa.

“Vingapi? Na saa ngapi?”

“Sijui, daktari. Mimi nilitoka.”

Wakati huo huo Mama akaingia akitweta, futi yake bado shingoni. Watu wote watatu wakamtazama Chiriku.

Majibu yalikuja mbele yake yamepangana kama kwenye mlango wa ukungu. Angeweza kusema kwamba ilitokea sasa hivi tu, na asingejua mtu kwamba alikaa zaidi ya saa nzima akimwangalia mdogo wake analegea. Angeweza kusema sijui. Alimwogopa Mama kuliko majoka yote ya dunia. Lakini nyuma ya daktari ulionekana mguu mmoja wa Kibonge, umelala bila kucheza, na mguu ule haukuwahi kutulia tangu ujifunze kutembea.

“Viwili,” Chiriku akasema. “Cha tatu alikitema, kilikuwa kimeyeyuka upande mmoja. Ilikuwa saa nne na robo. Niliona saa. Sikumwambia mtu.”

Mama alifumba macho. Daktari hakumgombeza, aliandika haraka.

“Umenisaidia,” alisema. “Muda ndio unaoniambia dawa imefika wapi, na kama itaendelea kuishusha sukari hata baada ya dripu. Kwa hiyo haondoki hapa mpaka kesho, na tutampima kila mara.”

Walikaa kwenye benchi la korido. Chiriku alisubiri kufokewa, na kadiri kelele zilivyokawia ndivyo alivyozidi kuogopa. Kila muuguzi aliyepita alimtazama usoni ili ajue kama analeta habari mbaya. Ilipofika alasiri, kilio kikapasuka ndani ya wodi, kikubwa, cha hasira, cha mtoto anayetaka kushushwa kitandani.

“Huyo ni Kibonge,” Bibi akasema, akaanza kulia mwenyewe. “Na mimi nina langu hapa. Dawa ni zangu. Nilitoka bila kutazama juu ya kabati.”

Mama akamwambia Chiriku asogee karibu.

“Nimekasirika. Siwezi kukuficha,” Mama alisema. “Kwenye mchezo wako, ukikosea unafanyaje?”

“Narudi nyuma, Mama.”

“Mimi nikikata kitambaa cha mteja vibaya, mkasi haurudi nyuma. Lakini nikimwambia siku ile ile, tunakaa, tunatafuta la kufanya. Tutaongeza kipande, tutapunguza mikono, na nguo itavaliwa. Nikificha mpaka asubuhi ya harusi yake, hapo tena hakuna cha kushona. Kosa ni lile lile, mwisho ndio unakuwa mwingine. Umenielewa?”

Chiriku akatikisa kichwa kukubali, machozi yakimdondoka mapajani.

“Kusahau kikopo ulizembea. Kunyamaza, hilo ulilichagua, na lilikuwa baya kuliko lile la kwanza. Na kusema ulichagua pia, ukiwa unatetemeka, hakuna aliyekulazimisha. Kwa sababu hiyo mdogo wako anatupigia kelele pale ndani. Siku nyingine ukikosea, usingoje mpaka mtu akate pumzi. Njoo kwangu hata kama unaniogopa. Njoo unaniogopa hivyo hivyo.”

“Ndiyo, Mama.”

Jioni wauguzi wakapokezana zamu. Yule mpya, kijana mrefu mwenye faili mkononi, akasimama mlangoni mwa wodi.

“Nani atanieleza ilivyokuwa kwa huyu mtoto?”

Mama akafungua mdomo, lakini Chiriku alikuwa ameshasimama.

“Mimi,” akasema, na akaanza mwanzo kabisa, bila kuruka kitu.