Faili Moja Limebadilika

Jua lilikuwa linazama Bariadi mjini, na Kulwa alikuwa ameshafunga kibanda chake cha kutengeneza kompyuta, anawaza ugali wa mama yake tu, simu ilipoita.

"Dada, seva inagonga. Njoo kabla haijafa."

Alikuwa Muksini, meneja wa kituo kidogo cha redio. Kulwa akageuza pikipiki palepale. Ndani ya seva ile, kompyuta inayotunza vipindi vyote, ndimo ilimobaki sauti ya Doto, pacha wake, mtangazaji wa salamu za jioni, aliyefariki mwaka jana kwa homa ya ghafla. Kwingine haikuwapo. Mama yao Felisita, kule kijijini Ngulyati, kila siku wimbo ulikuwa huohuo: niletee sauti ya mwanangu niisikie kabla sijafa. Na hao watu wa redio hawakuwa na nakala hata ya dawa! Jamani, mbuzi wanamfunga kamba mbili, kumbukumbu zao wanamwachia Mungu.

Chumba cha seva kilikuwa nyuma ya studio, chembamba, hakina hata dirisha.

Tk... tk... tk...

Kulwa akachomeka diski mpya, akafungua ile skrini nyeusi isiyo na picha, ambako kila kitu ni amri ya kuandika. Muksini akamsimamia mgongoni.

"Mbona hakuna cha kubonyeza?"

"Huku kunaandikwa, kaka. Unaitajia mashine chanzo, halafu unaitajia nakala iende wapi. Ukizigeuza, diski tupu inafuta iliyojaa. Kwa hiyo hebu ninyamazie kidogo."

Akaandika. Akaisoma tena amri yake neno kwa neno, akabonyeza enta. Majina ya mafaili yakaanza kushuka. Salamu, mahubiri, bei za pamba, Doto, Doto, Doto. Yalipokwisha machozi yalikuwa yanamlengalenga. Amempata ndugu yake.

Fundi makini hurudia amri ileile kuhakikisha. Mara ya pili mashine haikopi vyote, inachukua kilichobadilika tu. Hakuna aliyekuwa akirekodi jioni ile, basi Kulwa alitegemea kuona sifuri.

*Faili moja limebadilika.*

Lilikuwa la Doto. Kipindi chake cha mwisho.

"Kuna mtu yuko studio?"

"Nani? Nimefunga mwenyewe, funguo hizi hapa."

Akarudia. Faili moja limebadilika. Lilelile, na sasa refu kidogo kuliko mwanzo.

Hapo ikaja harufu. Udongo mbichi, uliotoka kulimwa sasa hivi, ndani ya chumba chenye sakafu ya vigae. Muksini akaanza kusoma dua kwa midomo tu. Kulwa akawasha spika.

"Mwadila, Bariadi! Mhola?" Doto akasalimia kwa Kisukuma, akacheka kile kicheko chake. Akasoma salamu, akatania mashabiki wa mpira, akaaga. Faili lilikuwa likiishia hapo.

Halikuisha.

Jembe. Halafu jingine. Majembe mengi, yanapiga ardhi kwa pamoja, na watu wanahema... wanahema tu. Hawaimbi. Wasukuma gani hao wanalima kikundi kizima bila wimbo?

Kisha mmoja akasogea karibu.

"Uuu... wa... Uuu... wa..."

Kulwa akajiziba mdomo. Lilikuwa jina lake, linatamkwa na mtu asiye na ulimi.

Habari za misukule alizisikia tangu utotoni, akizicheka: mchawi anamficha mtu, anamkata ulimi, anamlimisha, na kaburini mnazika mgomba. Sasa hakuwa na kicheko.

"Zima, dada," Muksini akanong'ona. "Chomoa twende. Sauti si unayo?"

Alikuwa nayo kweli. Angechomoa muda ule, mama angepata alichokiomba. Lakini pacha wako anakuita, unamwachaje? Akaisogelea mashine kama mwendawazimu.

"Doto! Uko shamba la nani?"

Akarudia amri, enta.

*Faili moja limebadilika.*

Akasikiliza mwishoni. Majembe yakakoma, yote kwa mara moja. Kimya... Halafu sauti ya mwanamume, ya upole, ya mtu aliyezoea kuombwa ushauri.

"Nani anamwita huyu?"

Tk.

Diski ya zamani ya seva ikafa.

Ile sauti Kulwa aliijua. Baba mdogo Marcelo! Ndiye aliyesimamia mazishi akakataza jeneza lisifunguliwe, eti homa itaambukiza. Ndiye mwenye mashamba ya pamba yasiyoota jani la magugu, na hakuna aliyewahi kumwona kibarua wake hata mmoja. Na tangu msiba alikuwa amehamia kwa mama, kumtunza.

Simu ikaita. Mama.

"Umeipata, mwanangu?"

"Mama, hapo uko na nani?"

"Na baba yako mdogo. Ametoka shamba sasa hivi, ananawa miguu. Ngoja, anataka kukusalimia."

*Mama toka! Kimbilia kwa jirani!* Kulwa alitaka kupiga kelele, lakini simu ilikuwa imeshahama mkono.

"Mwadila, Kulwa. Kazi imeenda vizuri?"

"Diski imekufa, baba. Sijapata kitu."

"Pole. Na hapo uko na nani?"

Kulwa akamtazama Muksini, amesimama mlangoni, baba wa watoto wadogo.

"Niko peke yangu."

"Vizuri. Basi njoo. Mama yako hali chakula mpaka ufike."

Kulwa akamtia Muksini ile diski mpya mkononi. "Ifiche. Usiisikilize." Akawasha pikipiki, akashika barabara ya Ngulyati.

Muksini hajaichomeka popote mpaka leo. Watu wa mjini nao wanamlaumu Kulwa, ambaye hajarudi tangu usiku ule, eti alikosa akili, angekwenda kuita watu kwanza. Waache waseme. Mama yake alikuwa kule.