Mataruma ya Koyama

Mtaani kwetu Kismayu, ukimtaka Zubeiri baada ya sala ya alasiri usihangaike. Yuko uani kwake, chini ya gari, miguu imetokeza nje, anasema na vyuma. Wanaume wengine huongeza mke wa pili. Yeye aliongeza Fiat.

Ilikuwa Fiat ya enzi za Mtaliano, fupi, yenye pua ya mviringo, na sehemu yake ya nyuma ilikuwa imejengwa kwa mbao, fremu na sakafu. Aliikuta zizini nje ya mji, mbuzi wamelala juu ya viti. Riziki yake ilitoka kwenye kutengeneza bajaji. Fiat ilikuwa ya kuupa moyo raha. Mafundi wenzake walimcheka mpaka wakachoka, naye akaendelea kukwangua kutu, kusafisha kabureta kwa mswaki na kupiga bodi msasa. Wala msasa huo hakuushika peke yake. Binti yake wa pekee, Iman, akimaliza kazi za jikoni alikuja kukaa upande wa pili wa mlango, wakasugua pamoja huku wakitaniana.

"Baba, siku yangu naondoka na hii," Iman alimwambia. "Bajaji sipandi."

"Nitakupeleka, hata ikibidi nilivute kwa kamba."

Posa ikaja, ya Fuadi, kijana mpole anayefanya kazi bandarini. Siku ya arusi ikawekwa. Gari lilikuwa tayari isipokuwa mbao, kwa maana zile za asili zilikuwa zimeozeshwa na mikojo ya mbuzi. Mbao za sokoni zilikuwa laini, nazo za fremu zilitakiwa ziwe zimepinda kama ubavu. Mbajuni, mtu wa bahari na vyombo, hahitaji kuambiwa mbao za namna hiyo hupatikana wapi.

Akavuka kwenda kisiwa cha Koyama kumjulia hali Barke, binamu ya mkewe. Nyuma ya nyumba ya Barke, karibu na mikandaa, kilikuwa kimelala chombo kilichovunjika, ubavu mmoja wazi. Mataruma yake, zile mbavu za ndani, yalikuwa ya msaji mzima, hayana hata ufa. Kisiwani watu huokota hata msumari wenye kutu, lakini chombo kile hakuna aliyekigusa. Hilo peke yake lilitosha kumfanya mtu ajiulize.

"Uwate, Zubeiri," Barke alimwambia alipomwona anapima kwa mkono. Uwate, yaani achana nayo. "Chombo hicho kilikuwa kinapeleka bibi arusi Kismayu. Kikapinduka mwambani. Chombo kikarudi, wachu hawakuonekana."

"Mungu awarehemu. Lakini mbao zina kosa gani?"

Barke akashusha sauti. "Wachu wale hawayashuka. Wangali wameketi."

"Kama watu hao hawajashuka, basi na waketi. Mimi natengeneza gari, sitengenezi chombo."

"Na gari ni nini? Kinachobeba wachu ni chombo."

Zubeiri akacheka, akamtania kwamba kuishi na kaa kumemharibu akili. Akang'oa mataruma na mbao za sakafu, akazipakia kwenye boti ya mashine, akarudi mjini. Sikio la kufa halisikii dawa.

Zile mbao zilikaa pale kana kwamba zilichongwa kwa gari lile. Hakuranda sana, hakukata sana. Akazipaka mafuta zikang'aa, Iman akapiga vigelegele, na injini ikawaka kwa mara ya kwanza bila kusukumwa. Safiyya, mama yake Iman, ambaye hakuwahi kulisifu gari lile, siku hiyo alilizunguka na kusema mashaallah.

Kesho yake gari lilikuwa limeinama.

Lilikuwa limeinama nyuma, kama lililopakia watu. Zubeiri akafikiri springi zimechoka. Akazifungua, akaweka nyingine, ngumu zaidi. Akateremsha jeki. Gari likashuka taratibu, likakaa palepale lilipokuwa. Ndani hamna kitu.

Jua la adhuhuri lilikuwa linachoma. Aliinama kutazama sakafu, akakuta maji. Akachovya kidole, akaonja. Chumvi.

Akayakausha kwa tambara. Akageuka kulikamua. Alipotazama tena, maji yalikuwa yamerudi.

Iman naye alianza kukaa mbali na gari. Alipoulizwa alisema kwa sauti ndogo, "Baba, mle nyuma wanawake wanaimba vugo la arusi."

"Redio za jirani."

"Jirani hawezi kunitaja jina, baba."

Hapo Zubeiri aliacha kubisha. Akampigia simu Barke. Barke hakumcheka wala hakumlaumu, na hilo ndilo lililomtisha zaidi.

"Wanataka kufika," Barke alisema. "Usiwafikishe. Wakishuka wao, chombo hakirudi kitupu. Ng'oa mbao uzirejeshe kabla mwanao hayaketi juu yake."

Alichukua nyundo. Wallahi alichukua nyundo, akasimama nyuma ya gari lile. Lakini siku iliyofuata ndiyo ilikuwa arusi. Gari bila mbao ni chesisi tu, na mtaa mzima ulikwisha ambiwa kwamba Zubeiri atampeleka binti yake kwa Fiat aliyoifufua kwa mikono yake. Akajiambia, safari ni fupi, mchana mweupe, barabara ya mchanga, bahari iko wapi? Akarudisha nyundo mahali pake. Kiburi cha fundi ni kibaya, na chake kilikuwa kimepakwa rangi mpya.

Iman alipoliona gari mlangoni alimshika baba yake mkono. "Tupande bajaji, baba. Sitajali."

"Dakika chache tu, mwanangu. Mimi niko nawe."

Iman akapanda nyuma, amefunikwa shiraa. Wanawake na Safiyya wakatangulia kwa bajaji, wakipiga vigelegele.

Zubeiri akakanyaga mafuta. Gari likaondoka kwa uzito wa lori. Usukani ulikuwa mwepesi mno, magurudumu ya mbele yakigusa mchanga kwa shida, kwa jinsi nyuma kulivyolemea. Vugo likaanza. Kwanza mbali, kama nyumba ya tatu. Kisha karibu. Kisha shingoni kwake.

Maji yakamfika visiginoni.

"Baba," Iman alinong'ona, "hamna nafasi."

Hakugeuka. Aliogopa kugeuka.

"Baba, wamenikalia."

Akakanyaga mafuta zaidi. Alitaka kufika. Na kufika ndiko walikotaka na wao.

Aliposimama mlangoni kwa Fuadi, mlango wa nyuma ulifunguka kabla hajaugusa mtu. Gari likainuka kidogo. Likainuka tena. Na tena. Kila springi ilipoachia, alihisi kiti chake kikipanda, na Zubeiri, ambaye kazi yake ni kujua uzito, alijua kwamba watu wanashuka. Mtaani hakuonekana mtu. Mchanga tu ulilowa mbele ya mlango.

Mwisho akashuka bibi arusi. Hakusaidiwa. Wanawake wakashangilia, Fuadi akamshika mkono, kisha akauachia upesi, akajipangusa kiganja kwenye kanzu. Wakaingia ndani.

Zubeiri akabaki barabarani. Gari lilikuwa limeinuka, lakini si lote. Pembe moja ya nyuma ilikuwa bado imebonyea, pale alipoketi Iman. Akachungulia. Kiti kitupu.

"Baba," kiti kikasema, kwa sauti aliyoilea mwenyewe. "Mimi bado."

Mke wa Fuadi yuko, ukitaka kumwona. Uso ni wa Iman, hatua ni za Iman. Anapika vizuri, anacheka, majirani wanamsifu. Safiyya alipokwenda kumtembelea, alipokelewa kwa adabu, akaandaliwa chai, kisha yule bibi akamuuliza kwa upole, "Na wewe mgeni wetu ni mwenyeji wa wapi?" Safiyya alirudi nyumbani akalala kitandani, na mpaka leo hataki kusikia jina la mtaa ule.

Watu walimshauri Zubeiri azing'oe mbao azirudishe Koyama au azitupe majini. Barke ndiye aliyemkataza. "Sasa ukizitupa mayini umemtupa na yeye," alimwambia, akakata simu akilia.

Kwa hiyo hazitupi. Amelijengea gari banda la mabati. Bajaji za watu zinamngoja. Yeye anazipaka zile mbao mafuta, anaziba kila ufa kwa pamba, anazilinda na mvua na umande wa bahari. Kila magharibi analiendesha hadi mlangoni kwa Fuadi, anafungua mlango wa nyuma, anasubiri. "Shuka, mwanangu," anasema. "Tumefika." Gari haliinuki. Anafunga mlango, anarudi naye nyumbani.

Wiki iliyopita alikuta unga mwembamba wa mbao umemwagika chini ya sakafu. Aligonga kila ubao, hakuona tundu la mdudu wala sehemu iliyooza. Akaufagia. Asubuhi ulikuwepo tena, na katikati ya ule unga palikuwa na unywele mmoja mrefu, mkavu, kama wa Iman, na ile pembe ilikuwa imeinuka kidogo.

Juzi mafundi wenzake walipita, wakalitazama gari, wakampongeza. Walisema springi ya ile pembe hatimaye imekaa sawa, na gari sasa limenyooka kama jipya. Zubeiri alikaa chini mchangani akaanza kulia, nao hawakujua kwa nini, kwa sababu yeye hakuwa ameondoka hapo tangu alfajiri, pembe ikiwa bado imebonyea, na katika gari lile hakushuka mtu.