Kamera Isiyoona Punda

Makutano ya sokoni, Kitui mjini, taa mpya ilikuwa nyekundu, na Kanyiva alikuwa ameisubiri mpaka jasho likamwingia machoni. Nyuma yake hakukuwa na gari hata moja. Mbele alikuwa punda wake Jonah, aliyepewa jina hilo kwa sababu, kama nabii Yona, naye hukataa kwenda anakotumwa, akivuta mkokoteni wa mitungi ya maji ya kuuza. Kanyiva alivaa gambuti na hudi ya pinki iliyompendeza kuliko alivyojua.

"Wewe wa reflekta!" alimwita kijana aliyesimama kando ya mlingoti na laptopu mkononi. "Hii taa yenu imekufa?"

"Haijakufa. Kamera haijakuona."

Kijana huyo, Ahmednasir, fundi kutoka Garissa, akamgeuzia skrini. Kila leni ya barabara ilikuwa imechorewa boksi. Gari likiingia ndani ya boksi, kamera huiarifu taa kwamba kuna mtu anangoja. "Nilichora ya magari. Punda nilimsahau."

"Umesahau punda, na uko Kitui?"

Ahmednasir alicheka, akalipanua boksi mpaka pembeni anakopitia Jonah. Taa ikawa kijani. Jonah akagoma kutoka.

"Mimi yangu nimemaliza," Ahmednasir akasema. "Huyo sasa ni wako."

Tangu hapo Kanyiva alipitisha maji makutano hata kama hakuna aliyeagiza. Simu nazo zikaanza.

"Umekula, mrembo?"

"Usiniite mrembo nikiwa na gambuti."

"Nikuite nani?"

"Niite customer."

Kazi ya Kitui ikakaribia kuisha. Ahmednasir alikuwa amependa, amependa vibaya, na aliogopa kuuliza waziwazi. Akaandika: "Bosi anataka niende mji wa Wote. Naweza kukataa nibaki hapa. Ungekuwa mimi ungefanya nini?"

Kanyiva aliusoma ujumbe, akaelewa anaulizwa nini hasa. "Nakupenda" ya Kiswahili aliiona kama maneno ya mtangazaji wa redio. Akajibu kwa lugha ya nyumbani, neno moja: "Ningwenda."

Ahmednasir akasoma "ningeenda", akadhani ni herufi moja tu imekosewa. Akafunga mizigo akaenda.

Kanyiva alipokuta mlingoti umebaki peke yake, alilia. Halafu akakasirika, na hasira ilimsaidia zaidi. Alikaa kimya siku nyingi, mwishowe akapiga simu. Huko Wote, Ahmednasir aliipokea kwa spika kwa vile mikono yake ilikuwa imejaa nyaya.

"Mtu akikuambia maneno kama yale, unatoroka?"

"Si wewe uliniambia niende!"

"Mimi? Nilikuambia ningwenda!"

"Ndiyo hiyo! Ningeenda!"

Mwau, fundi mwenzake, mzaliwa wa Mbumbuni, alikuwa juu ya ngazi. Akaukumbatia mlingoti asidondoke kwa kicheko. "Ahmed, ndugu yangu, hiyo si Kiswahili! Ni Kikamba. Huyo msichana alikuambia anakupenda."

Ahmednasir akaziacha nyaya, akaishika simu.

"Kanyiva?"

"Usiniulize kitu. Nimeona aibu."

"Kaa hapo hapo. Nakuja."

Alifika Kitui jioni, shati limejaa vumbi. Kanyiva alimngoja makutano bila punda, amevaa gauni la njano la kanisani, naye Ahmednasir akasahau yote aliyopanga kusema njiani.

"Nilidhani hunitaki," akasema.

"Na mimi nilidhani umenikataa."

"Nataka kukuoa, Kanyiva."

"Mamangu ni wa kwaya. Atauliza maswali."

"Wangu atauliza kwa Kisomali, halafu arudie kwa Kiswahili ndio nisikie vizuri."

Kanyiva alimtazama. Alijua maswali hayo si ya mzaha, na kwamba mengine hayana jibu rahisi. Lakini kuishi bila yeye alikuwa amejaribu, na hakuweza.

"Basi tukaulizwe," akasema. "Lakini tukae kiti kimoja."

Akampigia mamake papo hapo. Mama akauliza kweli, mpaka chaji ikaisha, nao wakaenda kutafuta duka la kuchaji simu ili waendelee kuulizwa.