Cherehani ya Mama na Laptopu ya Nesi

Mambo yaliharibika Jumanne asubuhi, na yaliharibikia mdomoni mwa Chiriku mwenyewe.

Baba yake alikuwa ndiyo kwanza ametoka lindoni ghalani. Kama kawaida alivua viatu mlangoni, akanawa uso, akakaa kwenye kigoda akisinzia huku chai ikipoa mkononi. Tangu mkewe afariki, hata kulalamika alilalamika kwa kunong'ona.

"Ile laptopu anayouza nesi umeijaribu?" aliuliza.

Chiriku alikuwa ameijaribu. Nesi, jirani yao wa chumba cha pili, alimwachia aitumie jioni nzima, na ilifanya kazi bila matata. Ila herufi nyingi zilikuwa zimefutika kwenye vibonye, na kifuniko kilikuwa na mkwaruzo mrefu. Tayari akilini aliwasikia wenzake darasani: "Hiyo umeiokota jalala gani?"

"Mbovu, baba," alisema. "Inazimika yenyewe."

Baba alishusha pumzi. "Basi itabidi mpya."

Mwalimu mkuu alikuwa ameshatangaza: mwanafunzi wa somo la kompyuta asiye na mashine yake, atafute somo jingine. Wakubwa kazi yao kutangaza. Kuhangaika ni kazi ya walio chini.

Alhamisi Chiriku alirudi kutoka shuleni akakuta cherehani ya marehemu mama yake iko katikati ya chumba, imepanguswa vumbi na kutiwa mafuta. Fundi wa sokoni, aliyekuja kuinunua, alikuwa ameinama, akizungusha gurudumu.

"Inateleza kama maji," fundi alisema. "Mwenyewe aliitunza."

"Aliitunza," baba alijibu, akatazama ukutani.

Chiriku aliona uzi wa buluu ungali sindanoni. Ulikuwa uzi uleule wa pindo la sketi yake ya shule. Fundi alipoishika cherehani aibebe, Chiriku naye akaishika upande wa pili.

"Wewe binti, unanisaidia au unanizuia?"

"Baba, nilidanganya!" Sauti yake ilikatika. "Laptopu ya nesi ni nzima. Niliona aibu tu, imechakaa."

Fundi akaitua cherehani taratibu, akajinyoosha.

"Mgongo wangu unakushukuru," alisema, akaondoka zake.

Baba hakugomba. Alikaa kwenye kigoda kama mtu aliyetuliwa gunia na kutwishwa jingine. Baadaye akavaa viatu, wakaenda kwa nesi.

"Inazimika yenyewe?" Nesi alicheka walipomweleza, mpaka akajifuta macho. "Labda inanionea huruma, inataka nikalale! Herufi hizo nilizifuta mimi, mwanangu, nikisomea kazi yangu. Zilizobaki utazimaliza wewe."

Walipatana bei bila kuvutana. Baba akaipakata ile mashine, akamgeukia binti yake.

"Mwanangu, mimi nimechoka. Sina nguvu ya kuchunguza kila unaloniambia. Ukisema kitu kibovu, naamini ni kibovu, naenda kuuza kilicho kizima. Uongo wako ulikuwa mdogo, lakini ungeondoka na cherehani ya mama yako. Na kitu kutumika si aibu. Hata mimi nimetumika, na bado unanitegemea."

"Nisamehe, baba. Sitarudia."

"Nimekusamehe. Shika, ibebe mwenyewe."

Chiriku aliikumbatia, mkwaruzo ukiwa upande wa nje, kila mtu auone. Kisha, chiriku ni chiriku, akashindwa kunyamaza.

"Baba, na zile kompyuta zilizoletwa shuleni, tukapigwa picha nazo? Mbona bado zimo stoo, hata maboksi hayajafunguliwa? Nilimuuliza mwalimu mkuu, akasema ufunguo uko kwa wakubwa."

Baba alimtazama nesi. Nesi akatikisa kichwa kwa masikitiko.

"Nilikuwa nauza cherehani ya mke wangu," baba alisema polepole, "na kompyuta ziko stoo, zimefungiwa. Wakubwa gani hao?"