Mdomoni mwa Fagio

Chini ya barafu ya ncha ya kusini, Fagio lilikuwa kazini. Roboti hiyo, pana kama uwanja wa mpira, ilijongea taratibu ikifyonza vijidudu vya bahari, jamaa wa kamba wasiozidi punje ya mchele, ambavyo kiwandani vilisagwa kuwa unga. Tangu mvua zigome, unga huo ndio uliolisha nusu ya nchi.

Dakta Anzawe Mbwambo, mtafiti wa samaki kituoni, aliingia kwa mkurugenzi bila hodi.

"Simamisha Fagio, Bwana Kileo. Nimewapiga picha samaki wachanga. Matumbo matupu!"

"Akili ya Fagio ilishapima, Dakta. Samaki hawa hula samaki wenzao."

"Ilipima wakubwa! Samaki mchanga mdomo wake hauwezi kumeza samaki mwenzake. Mpaka akue, chakula chake ni vijidudu hivi hivi tunavyofyonza. Wewe mtoto wa kunyonya utamwekea sinia la makande, useme chakula kipo?"

Kileo alishusha pumzi. "Dada yangu, watu kwetu wanasubiri meli ya unga. Siwezi."

"Basi mimi naweza."

Alishuka gatini, akaingia katika nyambizi ya mtu mmoja, akaenda kuiegesha mbele ya mdomo wa Fagio. Roboti ile iliundwa isimdhuru binadamu. Ikasimama.

"Tafadhali sogea," ilisema.

"Sisogei."

Kileo akaja redioni. "Mama yako naye anakula unga huu, Anzawe!"

"Najua." Mikono yake haikubanduka kwenye usukani. "Fagio litoke kwenye maji haya ya makuzi mpaka wadogo wakue. La sivyo, lipite juu yangu."

Hewa ya nyambizi ilikaribia kwisha Kileo aliposalimu amri. Fagio liligeuka, likaelekea kilindini, ambako vijidudu ni haba. Meli iliondoka nusu tupu.

Ilipotia nanga nyumbani, mama yake Anzawe alipiga simu kutoka Same.

"Mgawo umekatwa, mwanangu. Wajukuu wa jirani wanalalia uji mwepesi. Watu wanauliza nani kafanya hivi."

Anzawe aliwajua watoto wale kwa majina.

"Waambie ni mimi, mama. Nikirudi nitasimama mbele yao, wanieleze uchungu wao na mimi niwaeleze sababu. Lakini Fagio likikanyaga tena pale, nami nitakuwa pale."

"Nitawaambia," mama yake alisema, akakata simu.