Faili Lililokuwa Kule

Mnisamehe. Hadithi ya kutisha nikiisimulia mimi, hata maiti huomba maji kwa kucheka. Vumilieni tu.

Ofisini kwetu alikuwako kijana tuliyemwita Kipenzi, maana mkuu alimpenda kuliko shati lake la Ijumaa. Aliokota vichekesho vyangu, akamsimulia mkuu, na mkuu akacheka mpaka akashika ukuta. Nikivisema mimi, mwenye navyo, mkuu hutazama saa. Wivu ulinikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Jioni moja Kipenzi akaondoka na homa. Nikaambiwa nimalizie kazi yake: nichukue faili la wafanyakazi kwenye kompyuta yangu, nilipakie kwenye hifadhidata ya makao makuu, mji mwingine kabisa. Amri yake ina neno dogo linaloiambia mashine ichukue faili hapa, kwangu. Ukilisahau, mashine ya kule hutafuta faili la jina hilohilo tumboni mwake.

Nikalisahau. Akili ilikuwa kwenye kiti cha Kipenzi.

Kule hakukupaswa kuwa na faili...

Lilikuwako.

Majina yakaanza kushuka kwenye kioo, kila moja na tarehe yake ya kufa. Tarishi tuliyemzika masika. Mhasibu wa zamani, marehemu. Mfagizi wetu, marehemu. Chumba kikanuka udongo mbichi. Mstari wa mwisho... Kipenzi. Tarehe ya leo.

Nikampigia simu.

"Kaka," akanong'ona, "kuna mtu ananiita. Jina langu lote, mpaka la babu. Ni wewe?"

Nikamwambia alale, homa hiyo.

Mashine ikaniuliza kama nihifadhi au nifute. Kubonyeza mara moja tu, mstari wake ungeondoka. Nikaweka kidole penye kufuta. Nikamkumbuka mkuu alivyoshika ukuta. Kidole kikapumzika kidogo... kidogo tu.

Chumba cha pili, kwenye meza ya Kipenzi, kitu kikabonyeza.

Tak.

Mlango ule nilikuwa nimeufunga mwenyewe. Kwenye kioo changu pakaandikwa: imehifadhiwa. Nikafuta, nikafuta tena. Wapi!

Simu ilikuwa bado sikioni. Nikamsikia mkewe akimwamsha. Akimwamsha...

Kiti chake sasa nakikalia mimi. Ofisini wanamtafuta mchawi. Wamemshuku mlinzi, wamemshuku mama wa chai, wamemshuku hata mama mkwe wangu, ambaye hajawahi kukanyaga pale. Wameunda na kamati ya kumsaka.

Mwenyekiti ni mimi.